Pango Halianzi Mlangoni

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutuambia, hata hivyo, mgeni huyo afikie wapi, wala maji aliyoogea yamwagwe wapi. Maswali hayo mawili yamenishughulisha sana siku hizi, kwa kuwa vijana wetu walioko Marekani, hasa wale wa jimbo la Kentucky, huniuliza jambo moja kila likizo ya shule inapokaribia. Wao nao wameiga ada ya wenyeji wao. Hukodi gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, wakapakia watoto na sufuria, kisha wakashika njia kwenda kulitazama pango mashuhuri liitwalo Mammoth Cave. Swali lao ni hili: tupige kambi wapi?

Laonekana swali dogo, la mtu mwenye nafasi na fedha za kutumia. Lakini kadiri ninavyolipima ndivyo ninavyoliona kuwa kubwa. Ndani yake mna ugomvi wa karne nzima juu ya nani ale riziki ya mgeni, na mna hatari kwa maji ambayo wenyeji wamekwisha ionja. Basi naomba ndugu msomaji anivumilie nilieleze tangu mwanzo.

Kwanza tulijue gari lenyewe. Wamarekani huliita RV. Sisi twaweza kuliita gari-nyumba, na lile linalovutwa nyuma ya gari jingine twalijua kwa jina la karavani. Si kitu kipya, lakini baada ya ugonjwa wa Korona kuzuka mwaka 2020, watu wakaogopa hoteli na ndege, biashara yake ilipanda kwa kishindo. Mwaka 2021 viwanda vya Marekani Kaskazini vilitoa magari ya namna hii zaidi ya 600,000, idadi ambayo haikuwahi kuonekana. Mwaka 2023 idadi ilishuka hadi kiasi cha 313,000. Hata hivyo yale yaliyokwisha nunuliwa hayakuyeyuka. Yangali barabarani, na kila moja lina tangi la maji safi, tangi la maji ya kuoshea na kuogea, na tangi la choo. Popote liendapo, uchafu wa jamaa nzima unakwenda nalo, na siku moja sharti umwagwe.

Pili tulijue pango. Mammoth Cave ndilo pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Njia zake zilizopimwa zapita kilomita 680. Chukua safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha uendelee hadi Nakuru, na bado hujazimaliza. Serikali ya Marekani ililifanya eneo hilo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1941, na mwaka 1981 UNESCO ikalitia katika orodha ya urithi wa dunia. Kuingia katika hifadhi hakuna malipo. Alipaye ni yule atakaye kushuka pangoni pamoja na kiongozi.

Mahali penyewe ni baina ya miji miwili mikubwa. Kaskazini kuna Louisville, mji alikozaliwa Muhammad Ali mwaka 1942 na alikozikwa mwaka 2016. Kusini kuna Nashville. Katikati, karibu zaidi na pango, kuna mji wa Bowling Green, ambao kwa miaka mingi umepokea wakimbizi. Waislamu wa Bosnia wamehamia huko kwa wingi, na Wakongomani nao, ambao wengi wao husema Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa kwetu akienda huko asistaajabu kusikia "Habari za asubuhi" dukani.

Sasa turudi kwenye kambi. Mtu akiuliza apige kambi wapi, jibu la haraka ni moja tu: karibu. Jibu hilo ndilo la hatari. Ukaribu ndio uliogombaniwa katika nchi ile hata ukamwua mtu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 shamba lenye mlango mkongwe wa pango lilikuwa la jamaa moja, warithi wa daktari aliyeitwa John Croghan. Majirani nao walikuwa na mapango yao madogo. Kila mwenye pango alitaka mgeni asimame kwake kabla hajafika kwa mwenzake. Wapiga debe walitumwa barabarani. Wengine walidandia magari ya wageni na kuwaambia kwamba pango kubwa limefungwa, au kwamba njia iendayo huko ni mbovu. Mzee yeyote aliyewahi kuteremka na mizigo katika kituo cha mabasi anaijua mbinu hiyo. Mwaka 1921 mtu mmoja aitwaye George Morrison, ambaye hakuwa mrithi wa Croghan, alipasua mlango mpya wa pango lile lile katika ardhi yake. Alikuwa amekwisha ng'amua jambo ambalo wengine walijifanya hawalioni: pango halifuati mipaka ya hati za mashamba. Huku juu pana ukuta na seng'enge, kule chini ni nyumba moja.

Kisha ikaja habari ya Floyd Collins. Huyu alikuwa na pango zuri, lakini lilikuwa mbali na njia kuu na wageni hawakufika. Akaanza kutafuta jingine lililo karibu zaidi na barabara. Mwishoni mwa Januari 1925, akiwa peke yake katika kijishimo chembamba, jiwe lilimbana mguu. Maelfu ya watu walikusanyika juu ya ardhi, na magazeti ya nchi nzima yakaandika habari zake kila siku. Waokoaji walipomfikia katikati ya Februari, alikuwa amekwisha kufa. Kosa la marehemu huyu lilikuwa moja tu, nalo ni kutaka kuwa karibu na mahali wageni wanapopita.

Leo ugomvi huo umetulia, lakini biashara ya ukaribu haijafa. Imehama kutoka milango ya mapango ikaenda kwenye viwanja vya kambi. Anayetafuta mahali pa kulaza gari-nyumba huko ana njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni kukaa ndani ya hifadhi yenyewe. Kambi kuu ina nafasi zaidi ya 100, nayo iko hatua chache tu kutoka jengo la kupokelea wageni. Watoto waweza kutembea kwa miguu mpaka kwenye mlango wa pango. Ina miti, ina kivuli, ina utulivu. Lakini nafasi zake hazina umeme wa kuchomeka, wala bomba la maji la kila gari. Maji huchotwa kwenye mabomba ya pamoja, na uchafu hupelekwa kwenye kituo kimoja cha kumwagia. Wakati wa baridi kambi hiyo hufungwa. Ng'ambo ya Mto Green kuna kambi nyingine, Maple Springs, inayowafaa watu wa makundi na wenye farasi, ambayo baadhi ya nafasi zake zina umeme na maji. Lakini baina yake na pango pana kivuko. Kivuko hicho ni kidogo, kina kipimo cha uzito na urefu, na mto ukijaa au ukipungua mno hukoma kufanya kazi. Sisi tuliozoea kungoja feri pale Likoni twajua maana ya kutegemea kivuko. Kuna na kambi ya tatu, Houchin Ferry, lakini hiyo ni ya mahema tu, si ya magari-nyumba.

Njia ya pili ni kambi za watu binafsi, ambazo nyingi ziko Cave City na kandokando ya barabara kuu, mwendo wa kilomita kama 16 kutoka pangoni. Hizi zina umeme, maji na bomba la uchafu kwa kila gari, na baadhi yao zina bwawa la kuogelea na michezo ya watoto. Mwenye mgonjwa anayetegemea mashine, au mwenye mzee asiyestahimili joto la Julai, hana budi kuzifikiria. Na familia ambayo kila mmoja atatawadha mara tano kwa siku itatumia maji mengi kuliko wasafiri wengine. Tangi dogo la gari litakwisha mapema, na tangi la maji machafu litajaa mapema vile vile.

Hapo ndipo hasa ninapotaka kufika. Watu hulinganisha kambi hizi kwa bei, kwa umbali, kwa uzuri wa bwawa. Ni wachache waulizao uchafu unakwenda wapi. Na katika nchi ile hilo ndilo swali la kwanza.

Ardhi yote ya huko imekaa juu ya mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha haikusanyiki mitoni kama tulivyozoea kwingine. Huzama. Utaona mashamba yamejaa mabonde ya duara, kana kwamba mtu ameibonyeza ardhi kwa kidole, na kijito chatiririka vizuri kisha ghafula chatoweka ndani ya shimo. Maji hayo hayachujwi kwa mchanga wala udongo. Yanapita katika mifereji ya mawe iliyo wazi, upesi, na yote yaliyomo humo yanapita nayo. Katika miaka ya 1970 na 1980 mtaalamu wa hifadhi, James Quinlan, alifanya kazi ya kutia rangi katika maji yanapozama na kungoja kuona rangi hiyo itazukia chemchemi gani. Ikadhihirika kwamba maji yanayozama mbali, nje kabisa ya mipaka ya hifadhi, hupita chini kwa chini mpaka yakaingia katika mito ya mapangoni. Na mwaka 1983 wapekuzi wa mapango walipoliunganisha pango la Roppel na Mammoth Cave, ikathibitika kwamba si maji tu. Pango lenyewe limeuvuka mpaka wa hifadhi.

Atakaye ushahidi na aende Horse Cave, mji mdogo ulio jirani. Katikati ya mji, kando ya barabara ya maduka, liko shimo kubwa liitwalo Hidden River Cave, na chini yake unapita mto. Hapo kale mto huo uliupa mji maji ya kunywa na hata umeme. Mwaka 1916 pango hilo lilifunguliwa kwa wageni, na likapata sifa. Lakini watu wa mji walikuwa wakimwaga maji ya vyoo vyao katika visima na mashimo, na mashimo yote yalikwenda kule kule. Mwaka 1943 pango likafungwa. Baadaye yakaongezeka maji ya kiwanda cha maziwa na ya kiwanda cha kupaka vyuma kromu. Uvundo ulipanda kutoka shimoni ukajaa mitaani, na viumbe wa pangoni wakatoweka. Ilingojewa mpaka mwaka 1989, ulipomalizika mtambo mpya wa kusafisha maji taka wa miji ya eneo hilo, ndipo mto ukaanza kupumua. Mwaka 1993 wageni waliruhusiwa tena kushuka. Miaka 50 ilipita baina ya kufungwa na kufunguliwa, na hapakuwa na adui aliyekuja kutoka nje kuliharibu. Waliharibu wenyewe, choo kwa choo, ndoo kwa ndoo.

Katika mito ya giza ya Mammoth Cave yumo uduvi mmoja asiye na macho, mweupe kama kioo, ambaye hapatikani popote duniani ila katika eneo hilo. Tangu mwaka 1983 sheria ya Marekani imemweka miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Kiumbe huyo hajui bei ya kambi wala uzuri wa bwawa, lakini maisha yake yategemea pale mgeni anapofungulia tangi lake.

Huenda msomaji wa Mombasa, wa Malindi au wa Kwale akasema: hayo ni ya Kentucky, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Sisi tumekaa juu ya jiwe lenye tabia ile ile. Jiwe letu la matumbawe, lililojenga misikiti na nyumba zetu, nalo ni chokaa. Lina matundu, na maji hupenya ndani yake. Ndiyo maana tuna mapango kule Shimoni, mji ambao jina lake latosha kueleza. Wazee wetu walipochimba kisima uani waliangalia kwanza choo kiko upande gani na mbali kiasi gani. Siku hizi nyumba zimesongamana, na kisima na choo cha shimo vimekuwa majirani wa karibu mno. Mtu anayeielewa habari ya Horse Cave hatahitaji kuhubiriwa juu ya jambo hilo.

Na liko jambo jingine linalotuunganisha, zito kuliko jiwe. Pango la Shimoni linakumbukwa na wenyeji kuwa mahali walipofungiwa watumwa. Mammoth Cave nalo lina historia ya utumwa. Katika vita vya mwaka 1812 baina ya Marekani na Uingereza, ni watumwa waliochimba humo shura ya kutengenezea baruti. Mwaka 1838 aliletwa kijana mtumwa, Stephen Bishop, awe kiongozi wa wageni. Huyu ndiye aliyevuka shimo ambalo wenzake waliliogopa, akagundua mito na njia ambazo hakuna aliyezijua, na mwaka 1842 akachora kwa kumbukumbu yake ramani iliyotumika miaka mingi baadaye. Alipata uhuru mwaka 1856, na mwaka uliofuata akafariki. Mat na Nick Bransford, watumwa waliokodishwa kwa kazi hiyo hiyo, walianzisha ukoo wa viongozi uliofanya kazi pangoni kwa vizazi kadhaa. Hifadhi ya taifa ilipoundwa, mamia ya jamaa waliondolewa katika ardhi zao, na viongozi weusi hawakuajiriwa. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya mtu wa ukoo huo kurudi kuongoza wageni, mwaka 2004.

Nayataja haya kwa sababu kuna watakaosema kwamba mwenye kambi binafsi ni mroho, na kambi ya serikali ndiyo safi. Sikubali maneno ya jumla namna hiyo. Serikali ile iliyolihifadhi pango ndiyo iliyowafukuza wenyeji. Na wengi wanaoishi leo kwa kambi na maduka ya Cave City hawana riziki nyingine ila mgeni. Kumnyima mwenyeji riziki yake kwa jina la kulinda pango si uadilifu. Na kuliharibu pango kwa jina la riziki ni kukata tawi ulilolikalia.

Basi kijana wetu achague vipi? Naona mambo yaende kwa taratibu. Kwanza aulize, kabla ya kulipa, uchafu wa kambi unakwenda wapi: bomba la mji liendalo kwenye mtambo, au tangi la septiki lililofukiwa hapo hapo? Kama ni tangi, huvutwa na lori kila baada ya muda gani? Mwenye kambi mwaminifu atajibu bila kusitasita. Mwenye kukasirikia swali amekwisha kujibu. Pili, aangalie saa. Louisville hufuata saa za mashariki, na pango hufuata saa za kati. Atokaye Louisville atakuta saa imerudi nyuma kwa saa moja, na tikiti ya pangoni huandikwa kwa saa za pangoni. Tikiti hizo zenyewe huisha mapema wakati wa kiangazi, kwa hiyo ni heri kukata tikiti kwanza na kutafuta kambi baadaye. Tatu, achukue nguo za baridi hata kama nje pana jua kali, kwa maana ndani joto halizidi nyuzi 13 hivi. Na kama amewahi kuingia pango jingine, asivae viatu vile vile. Tangu mwaka 2013 imejulikana kwamba ugonjwa wa ukungu unaoua popo umefika huko, na nyayo za watu zaweza kuuchukua.

Nne, na hili ndilo kubwa, maji ya kuoshea vyombo asiyamwage chini, hata kikombe kimoja, hata usiku, hata kama jirani yake anafanya hivyo. Katika nchi nyingine udongo ungeyasafisha. Pale hapana udongo wa kutosha.

Ikiwa jamaa yake ni ndogo, gari lake si refu, na wote waweza kulala bila umeme, mimi ningemshauri akae ndani ya hifadhi. Atapata kitu ambacho hakiuzwi, nacho ni wakati: jioni hakuna safari ya kurudi, na watoto wanaweza kumsikiliza kiongozi akieleza habari za Stephen Bishop bila baba kutazama saa. Ikiwa ana mgonjwa, mtoto mchanga au mzee, aende Cave City bila haya, kwenye kambi iliyounganishwa na bomba la mji. Hizo kilomita 16 si hasara. Wala asidhani kwamba amekaa mbali na pango. Huenda usiku ule, chini ya magurudumu yake, maji yanapita gizani kuelekea mtoni, yakichukua chochote alichoyapa.